SOMO: YUKO WAPI ABELI?

Maandiko ya kusoma nyumbani mbele ya somo: Mwanzo 4:1-16 na 4:23-24, 2 Samweli 11 na 12, Mathayo 1:6, Mathayo 27:15-26, Waebrania 11:4.



Siku moja ya yenga, kisha ibada, tulipita nyuma ya kanisa, pale vijana wa kwaya wanapongojea saa ya mazoezi. Tuliwakuta saba au nane wameinamia telefone moja. Hawakusikia hata miguu yetu. Walikuwa wanatazama filme ya mwuaji mmoja wa Marekani. Tulipowauliza, walitueleza yote: jina lake, mji wake, kazi yake, namna alivyowadanganya watu mpaka wakaingia nyumbani mwake, na siku aliyokamatwa. Walieleza vizuri sana, tena kwa mpango, kuliko wanavyoeleza somo la siku ya yenga.

Tukawauliza: “Na wale aliowaua, waliitwa nani?” Wakanyamaza. Mwishoni kijana mmoja akajibu: “Papa Shemasi, walikuwa wengi.”

Tulitaka kuwakaripia, lakini maneno yalitukwama kinywani. Tulikumbuka kosa letu sisi wenyewe, ambalo tutalisema katika somo hili. Kwa hiyo, somo hili si la vijana peke yao. Ni la wazee, mama na watumishi wa kanisa pia.

I. JAMBO HILI SI JIPYA

Wengine wanafikiri kwamba kupenda habari za wauaji kumeletwa na televizyo na telefone. Hapana. Telefone imeongeza mwendo tu. Mzizi uko katika kitabu cha Mwanzo.

Kaini alimwua ndugu yake akataka jambo lifichike. Lakini tusome mbele kidogo, mlango ule ule wa 4, mistari ya 23 na 24. Hapo tunamkuta Lameki, mzao wa Kaini. Yeye hakuficha kitu. Aliwaita wake zake wawili wamsikilize, akajisifu mbele yao kwamba ameua. Angalieni sana maneno ya habari hii. Jina la Lameki limeandikwa. Majina ya wake zake, Ada na Sila, yameandikwa. Lakini kijana aliyeuawa hana jina. Katika majivuno ya mwuaji, aliyeuawa hana nafasi. Yeye ni kitu cha kupandishia sifa ya mwingine.

Jambo hili tunaliona pia katika mji wa Efeso, ambao tunaujua kwa Matendo ya Mitume mlango wa 19. Miaka mingi mbele ya Paulo kufika kule, mwaka 356 mbele ya Kristo, mtu mmoja alichoma moto hekalu kubwa la Artemi. Walipomwuliza sababu, ilionekana kwamba alitaka jina lake lijulikane duniani pote. Watu wa Efeso walitoa amri kwamba jina lile lisitajwe tena. Lakini mwandishi mmoja wa historia aliliandika, na jina likabaki mpaka leo. Sisi hatutaliandika hapa. Tunataka tu muelewe hivi: mtu anaweza kutenda uovu kwa sababu anajua kwamba kisha hapo midomo ya watu itamfanyia kazi.

II. WANAWAKE WATANO WA LONDON

Sasa tuchukue mfano mmoja tuuchunguze vizuri, kwa sababu ndiyo mama wa mifano mingine yote.

Mwaka 1888, katika mji wa London, Uingereza, kulikuwa na mtaa wa maskini unaoitwa Whitechapel. Kati ya tarehe 31 mwezi wa 8 na tarehe 9 mwezi wa 11, wanawake watano waliuawa kwa kisu. Mwuaji hakukamatwa hata siku moja. Mpaka leo hakuna anayejua alikuwa nani.

Lakini ana jina. Dunia nzima inamwita Jack the Ripper, ni kusema Jack Mpasuaji. Jina hilo lilitoka wapi? Tarehe 27 mwezi wa 9, barua ilifika katika ofisi moja ya kugawa habari kwa magazeti. Iliandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake kulikuwa sahihi ya jina hilo. Wakubwa wa polisi wa wakati ule walisema baadaye kwamba, kwa mawazo yao, aliyeiandika alikuwa mtu wa magazeti. Wakati huo magazeti ya bei ndogo yalikuwa yanashindana. Gazeti moja, The Star, lilikuwa limeanza mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1888. Habari za damu ziliuza karatasi. Watu wenyewe wakatoka mitaa mingine kwenda kutazama mahali pa mauaji. Karibu na nyumba moja, majirani walitoza pesa ili watu wachungulie dirishani na kuona uwanja alimouawa mwanamke wa pili.

Ndugu, tufikiri kidogo. Mtu asiyejulikana amepewa jina, na jina hilo limeandikiwa vitabu na filme zaidi ya miaka mia moja. Mpaka leo watalii wanatembezwa usiku katika mitaa ile wakisimuliwa habari zake. Mwaka 2015 watu walitangaziwa kwamba katika eneo lile itafunguliwa nyumba ya makumbusho ya historia ya wanawake. Ilipofunguliwa, kumbe ilikuwa ya yule mwuaji, na wakaaji wakaandamana kwa hasira. Na wale watano waliokuwa na majina tangu kuzaliwa, nani anawajua?

Sisi tutawataja. Mary Ann Nichols alikuwa mama wa watoto watano. Usiku aliouawa alifukuzwa kwenye nyumba ya kulala wageni kwa sababu alikosa peni nne za kulipia kitanda. Annie Chapman alikuwa amemzika binti yake wa miaka 12. Naye pia usiku wake alikosa pesa za kitanda. Elizabeth Stride alizaliwa Sweden, akaja kutafuta maisha katika nchi ya watu. Catherine Eddowes alikuwa ametoka siku chache tu kufanya kibarua cha mavuno mashambani. Mary Jane Kelly alikuwa na miaka karibu 25, alikuwa na deni la nyumba, na aliuawa ndani ya chumba chake.

Magazeti yaliwaita wote malaya. Mwaka 2019 mwanamke mwandishi wa historia, Hallie Rubenhold, alitoa kitabu juu ya maisha yao. Alionyesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushuhuda wa jambo hilo. Lakini hata kama ingekuwa kweli kwa wote, je, damu ya malaya haimlilii Mungu? Yesu hakufundisha hivyo.

Mnaona sasa hasara. Watu walikimbilia barua ya wino mwekundu, wakasahau peni nne. Kama mtaa ule ungejiuliza kwa nini mama anakosa mahali pa kulala, pengine wengine wangalipona. Habari ya mwuaji iliwafurahisha. Habari ya waliouawa ingewadai kazi.

III. MWUAJI WA FILME NA MAMA JIRANI

Turudi kwa ile filme ya vijana wetu. Mtu yule wa Marekani aliua wanaume na vijana 17 tangu mwaka 1978 mpaka 1991, wengi wao weusi. Wengi aliwaua katika mji wa Milwaukee. Vijana wetu walijua habari zake, lakini hawakujua ya Glenda Cleveland.

Mama huyu mweusi alikaa katika nyumba ya jirani. Mwezi wa 5 mwaka 1991, binti yake na msichana wa ukoo wao walimkuta njiani mtoto wa kiume wa miaka 14, uchi, anatoka damu, hawezi kusema sawasawa. Alikuwa ametoroka kwa mwuaji. Polisi walifika, lakini walimsikiliza mwuaji, wakamrudishia mtoto. Glenda Cleveland alipiga telefone kwa polisi, akauliza, akauliza tena kama yule hakuwa mtoto. Walimjibu kwamba mambo yamekwisha. Mtoto aliuawa usiku ule ule, na kisha yake wengine wanne.

Ndugu, nani katika habari hii anastahili kujulikana na vijana wa kwaya? Ni yule mama aliyeuliza juu ya mtoto wa mwingine.

Mwaka 1996 vitu vya mwuaji yule vilitaka kupigwa mnada, maana kuna watu wanaonunua vitu kama hivyo kwa bei kubwa. Watu wa mji walikusanya zaidi ya dola 400.000, wakavinunua, vikateketezwa. Pesa zikaenda kwa jamaa za waliouawa. Hilo lilikuwa tendo la hekima. Lakini mwaka 2022 filme ikatengenezwa, ikatazamwa na watu mamilioni. Dada wa mmoja wa waliouawa alisema waziwazi kwamba hakuna aliyemwuliza kitu, na kwamba kuona machozi yake yakiigizwa kulimrudishia uchungu wote.

Tusiseme kwamba haya ni ya Wazungu tu. Hapa kwetu Kongo, katika vita vya mashariki, wakubwa wa vikundi vya silaha wamejipa majina ya kutisha. Mmoja wao aliitwa “Terminator”, jina la filme ya Marekani. Mwaka 2019 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu miaka 30 ya kifungo. Zaidi ya wahanga 2.000 walishiriki katika kesi ile. Jina la filme linajulikana kila mahali. Tutaje basi majina matatu ya wahanga wale. Tunashindwa.

IV. KOSA LETU

Sasa tuseme lile tuliloahidi.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa parokia yetu aliuliwa mtoto wake. Wezi wenye silaha walimkuta usiku akirudi kazini. Sisi mashemasi tulitumwa kwenye kilio ili tumfariji. Tulikaa, tuliimba, tuliomba. Lakini tuseme kweli mbele ya Mungu: maneno tuliyomwuliza yule mama yalikuwa gani? Walikuwa wangapi? Walitumia kisu au bunduki? Mwili mliukuta wapi? Kila mgeni aliyeingia aliuliza yale yale, na yeye akaanza tena kusimulia tangu mwanzo. Tulijiambia kwamba tunashiriki uchungu wake. Kumbe masikio yetu yalikuwa na njaa.

Na nje ya uwanja, kiongozi wa wezi wale alikuwa na jina la utani ambalo mtaa mzima ulilijua. Watoto walikuwa wanacheza mchezo wa kumwiga. Mdogo wa marehemu aliwakuta njiani wakigombania nani atakuwa yule mwizi. Hakuna aliyetaka kuwa kaka yake.

Siku ya tatu mama alituambia maneno haya: “Sasa wote mnajua namna mtoto wangu alivyokufa. Hata mmoja hajaniuliza alikuwa mtu wa namna gani.”

Tulitoka tumeinama. Kisha juma moja tulirudi kwake bila Biblia mkononi, bila kwaya, tukamwomba atueleze juu ya mtoto wake. Alisema kutoka saa tisa mpaka jua kuzama. Alituambia kwamba alitengeneza redio za jirani bila kuomba pesa, kwamba aliogopa mvua ya radi hata akiwa mtu mzima, kwamba alikuwa anaweka akiba kidogo kidogo ili amnunulie mama yake cherehani. Mara mbili alicheka. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakulifanya tangu kilio.

Cherehani ile, kanisa lilikusanya sadaka likainunua. Hatusemi hivyo kwa kujisifu, maana tulichelewa.

V. MUNGU ANAULIZA NINI?

Mungu alipokutana na Kaini kisha mauaji, hakumwuliza alitumia silaha gani. Alimwuliza ndugu yake yuko wapi. Swali la kwanza la mbinguni juu ya mauaji ni swali juu ya aliyeuawa. Na Waebrania 11:4 inatufundisha kwamba Abeli, ingawa alikufa, bado anasema. Kazi yetu ni kunyamaza kidogo ili asikike.

Wengine wanatuuliza: “Papa Shemasi, Biblia yenyewe imejaa damu. Kwa nini mnatukataza?” Swali hilo ni la haki. Tutazame basi namna Biblia inavyosimulia. Daudi alimwua Uria kwa hila ili amchukue mke wake. Habari hiyo haikufichwa. Nabii Natani alitumwa kwa mfalme, na mfalme akatubu kwa machozi. Kisha fungueni Mathayo 1:6, katika ukoo wa Bwana wetu Yesu. Pale anapotajwa mama wa Sulemani, imeandikwa kwamba alikuwa wa Uria. Miaka karibu elfu moja ilikuwa imepita, lakini Roho hakukubali jina la aliyeuawa lifutwe na sifa ya mfalme. Hiyo ndiyo tofauti. Biblia inasimulia mauaji ili mwenye kosa atubu na aliyeonewa akumbukwe. Filme nyingi zinasimulia ili sisi tusilale.

Na tusianguke upande mwingine. Kumchukia mwuaji hata kutaka kumchoma moto kwa mipira ya gari, kama tunavyoona katika mitaa yetu, ni kuongeza damu juu ya damu. Mungu aliweka alama juu ya Kaini ili mtu asimwue. Alama ile haikuwa medali, na haikuwa ruhusa ya umati. Kumbukeni umati wa Pilato: walilijua jina la Baraba, mfungwa mwenye sifa, wakaliita kwa sauti kubwa, na Asiye na kosa akasulubiwa.

Hatusemi kwamba mambo yafichwe. Aliyeona uovu awe shahidi. Mzazi ajue hatari za mtaa. Radio itangaze, hakimu ahukumu. Kujua ili kulinda ni jambo jema. Kujua ili kufurahi ni kula sadaka iliyotolewa kwa mauti.

Tena macho si adui yetu. Mwezi wa 4 mwaka 1921, pale Papa Simon Kimbangu alipoanza kuponya wagonjwa Nkamba, makutano waliacha kazi zao wakakimbia kwenda kuona. Walitaka kuona uzima. Wakubwa wa koloni walimhukumu kufa tarehe 3 mwezi wa 10 ya mwaka ule, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, leo Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Miaka 30 gerezani, na hakuua mtu. Sisi tulio watoto wa kazi ile, tukimbilie kuona nini?

VI. TUFANYE NINI?

1. Ukianza kusimulia habari ya mauaji, anza na jina la aliyeuawa na maisha yake. Kama huwezi kuyataja, nyamaza kwanza, ukaulize.

2. Usimwongezee mwuaji jina la utani, wala usiliimbe, wala usiwaache watoto walicheze. Mwaka 2019, watu 51 walipouawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, waziri mkuu Jacinda Ardern alikataa kutaja jina la mwuaji, akaomba watu wataje majina ya waliokufa. Jambo jema tulijifunze hata kutoka mbali.

3. Kwenye kilio, usimwulize mfiwa namna ya kifo. Mwulize namna ya maisha.

4. Wazazi, msinyang'anye telefone tu. Kaeni na mtoto, mwulizeni lile swali: aliyeuawa ni nani?

5. Kuwa kama yule mama jirani. Ukiona mtoto wa mwingine katika hatari, uliza, na ukijibiwa vibaya, uliza tena.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA MAKUNDI

1. Kwa nini jina la kijana aliyeuawa na Lameki halikutajwa, lakini jina la Uria limebaki katika Mathayo 1:6?

2. Katika mtaa wako, nani ameuawa miaka hii? Taja jina lake na jambo moja jema la maisha yake.

3. Jamaa yake wanaishi namna gani leo? Kundi lenu linaweza kufanya nini mbele ya mwisho wa mwezi?

Swali la pili tuliwapa wale vijana wa kwaya. Waliomba juma moja. Siku ya yenga iliyofuata walirudi na majina manne kwenye karatasi ya daftari, na kila jina lilikuwa na habari yake. Jina la kwanza lilikuwa la yule kijana wa redio. Walikuwa wamekwenda wenyewe kwa mama yake kuuliza.

Bwana aliyemwuliza Kaini atupe masikio ya kusikia swali lake, na miguu ya kwenda kulijibu. Amina.